Kupima mionzi baada ya ajali ya kinu cha nyuklia: mwongozo kamili kwa mfano wa Fukushima

Tarehe 15 Machi 2011, saa 12:20 jioni, kipimo kilichokuwa katika kijiji cha Iitate nchini Japani kilisoma maikrosivati 44.7 kwa saa. Dakika ishirini baadaye mji wa Fukushima ulisoma 24.24. Katika siku za kawaida sehemu hizo husoma chini ya 0.1. Iitate iko takriban kilomita 40 kaskazini-magharibi mwa kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi, na mji wa Fukushima takriban kilomita 60. Amri ya kuhama ilikuwa imewagusa watu wa ndani ya kilomita 20, na wale wa kilomita 20 hadi 30 waliambiwa wajifungie ndani. Sehemu kubwa ya Iitate ilikuwa nje ya duara zote mbili, na kijiji hicho hakikutangazwa kuwa eneo la kuhamwa mpaka tarehe 22 Aprili.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kupima mionzi iliyomwagika kwenye mazingira baada ya ajali kama hiyo, na namna ya kugeuza vipimo hivyo kuwa dozi ambayo mtu ameipata au ataipata. Umeandikwa kwa ajili ya maafisa wa afya, wanafunzi wa fizikia, waandishi wa habari na mkazi yeyote anayetaka kujua namba anazosomewa zinatoka wapi. Kazi rasmi ni ya mamlaka: Tanzania ni Tume ya Nguvu za Atomiki (TAEC), Kenya ni Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia (KNRA). Lakini anayeelewa hatua zenyewe ataweza kuuliza swali sahihi wakati bado lina faida.

Kwanza, fahamu unachokitafuta na muda ulionao

Dozi humfikia mtu kwa njia tatu. Ya kwanza ni mionzi inayompiga kutoka nje, yaani kutoka kwenye wingu linalopita na baadaye kutoka kwenye vumbi lililotua ardhini, juu ya mapaa na miti. Ya pili ni hewa anayovuta. Ya tatu ni chakula na maji. Dozi hupimwa kwa sivati: milisivati (mSv) ni sehemu ya elfu ya sivati, na maikrosivati (µSv) ni sehemu ya elfu ya milisivati. Kiasi cha kitu chenye mionzi kilichomo kwenye udongo au maziwa hupimwa kwa bekereli (Bq), yaani idadi ya viini vya atomu vinavyovunjika kila sekunde. Bekereli si dozi. Ili kuipata dozi ni lazima ujue ni kitu gani kinachovunjika, kiko wapi, na mtu amekaa nacho kwa muda gani.

Katika ajali ya kinu, vitu vinavyotawala dozi ya wananchi si vingi. Wiki mbili za mwanzo kuna teluriamu-132 (hupungua kwa nusu kila siku 3.2) na mtoto wake ayodini-132 (yaani kinachozaliwa teluriamu inapovunjika), pamoja na ayodini-131 (siku 8). Baada ya hapo hubaki sesiamu-134 (miaka 2.06) na sesiamu-137 (miaka 30). Strontiamu-90 ilikuwa tatizo kubwa zaidi katika ajali ya Chernobyl kuliko Fukushima, kwa sababu Chernobyl kiini cha kinu kilipasuka na kuwaka moto wazi, ilhali Fukushima kilichotoka zaidi ni vile vinavyogeuka mvuke kirahisi.

Hiyo siku 8 ya ayodini ndiyo inayopaswa kupanga ratiba yako yote. Ayodini ni madini joto yale yale yanayotiwa kwenye chumvi, na mwili huyakusanya kwenye tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo. Baada ya wiki nane ayodini-131 inakuwa imepungua kwa nusu mara saba, na imebaki chini ya asilimia moja. Sesiamu utaipima mwakani ukitaka. Ayodini usipoipima mwezi wa kwanza hutaipima tena, na dozi ya thairoidi ya watoto itabaki kuwa ya kukisia kwa vizazi. Chernobyl, mwaka 1986, watoto waliendelea kunywa maziwa ya ng'ombe waliokula majani yaliyochafuka, na maelfu yao walipata saratani ya thairoidi miaka iliyofuata.

Vifaa, na kila kimoja kinapodanganya

Kihesabu cha Geiger chenye kidirisha kipana ni kizuri kwa kutafuta uchafu juu ya ngozi, nguo na sakafu. Husoma hesabu kwa dakika. Usikitumie kukadiria µSv kwa saa kama hakina chujio la kusawazisha nishati, kwa sababu huzidisha mionzi ya nishati ndogo. Tena, bomba la Geiger likiingia mahali penye mionzi mikali sana linaweza kuelemewa na kusoma kidogo, hata sifuri. Kwa hiyo kiwashe ukiwa mbali, ingia ukikitazama, na sindano ikipanda kisha ikaanguka ghafla, toka hapo.

Kipimo cha fuwele ya sodiamu ayodaidi kina usikivu mkubwa na kinafaa kwa viwango vidogo, kuanzia vya asili hadi takriban 30 µSv kwa saa. Kwa viwango vya juu zaidi tumia chemba ya ayoni. Kila kipimo kina dari yake na ni lazima uijue kabla hujaondoka. Chernobyl, saa za mwanzo, vipimo vilivyokuwa mkononi mwa wafanyakazi vilikuwa na dari ya rontgeni (kipimo cha zamani cha mionzi) 3.6 kwa saa, na namba hiyo ikapelekwa juu kana kwamba ndicho kiwango halisi, wakati ukweli ulikuwa mkubwa mara nyingi mno. Kipimo kikigonga dari andika "zaidi ya", usiandike namba peke yake.

Kwa maabara, spektromita ya gama yenye kigunduzi cha jemaniamu ndiyo inayotenganisha kitu kimoja na kingine. Ayodini-131 huonekana kwenye keV 364 (keV ni kipimo cha nishati ya mionzi), sesiamu-137 kwenye 662, sesiamu-134 kwenye 605 na 796. Fuwele ya sodiamu ayodaidi hupata shida kutenganisha 605 na 662 kwa kuwa vilele vyake ni vipana. Potasiamu-40, ambayo ni ya asili na imo katika ndizi, maharage na hata mwili wako, hutoa kilele kwenye 1461, na hicho hutumika kuhakikisha kwamba mashine imesimama sawa.

Ongeza hapo: mifuko ya plastiki ya kufunika vipimo, glavu, viatu vya mpira, barakoa, dozimita (kifaa kinachojumlisha dozi ya anayekivaa) yako mwenyewe kifuani, GPS, kalamu isiyofutika kwa maji, na fomu za karatasi. Usitegemee umeme wala mtandao wa simu. Fukushima ilikuwa na vituo 24 vya kudumu vya kupima mionzi mkoani, na tetemeko, tsunami na ukosefu wa umeme viliviangusha 23.

Jua mionzi ya asili ya mahali

Hakuna ardhi isiyo na mionzi. Binadamu kwa wastani wa dunia hupata takriban mSv 2.4 kwa mwaka kutoka kwenye vyanzo vya asili, na tofauti kati ya mahali na mahali ni kubwa. Mlima wa Mrima, Kwale, pwani ya Kenya, una thoriamu nyingi na husoma juu kuliko vijiji vya jirani bila ajali yoyote. Mtu akipeleka kipimo pale siku habari za ajali ya mbali zimetangazwa, bila kujua historia yake, anaweza kuzusha taharuki bure. Ndiyo maana nchi inayopanga kujenga kinu inapaswa kuwa na ramani ya mionzi ya asili miaka kadhaa kabla ya kinu kuwashwa. Kenya na Uganda, ambazo zina mipango hiyo, wakati wao wa kuchora ramani ni sasa.

Mvua nayo hudanganya. Huteremsha mazao ya gesi ya radoni kutoka angani na kupandisha kipimo kwa muda mfupi, jambo la kawaida kabisa. Vitu hivyo huisha haraka. Subiri saa mbili au tatu baada ya mvua kukatika, kisha pima tena: kikishuka kilikuwa radoni, kikibaki juu una kazi ya kufanya.

Hatua ya kwanza: fuata upepo na mvua, usifuate duara

Duara za kilomita ni rahisi kutangaza redioni, lakini wingu halizijui. Anza kwa kuuliza mambo matatu: uchafu ulitoka saa ngapi, upepo ulikuwa unaelekea wapi saa hizo, na mvua au theluji ilinyesha wapi. Wingu likipita mahali pakavu huacha kidogo. Likikutana na mvua hushushwa chini kwa wingi. Iitate iliponzwa na hilo: alasiri na jioni ya tarehe 15 Machi upepo uligeukia kaskazini-magharibi, kisha ikanyesha mvua na theluji.

Japani walikuwa na mfumo wa kompyuta wa kutabiri njia ya wingu, ulioitwa SPEEDI. Matokeo yake hayakutolewa kwa wananchi kwa wakati. Wakazi wengi wa mji wa Namie walikimbilia eneo la Tsushima, ndani ya mji huo huo, upande ule ule wa kaskazini-magharibi wingu lilikoelekea. Usiku wa tarehe 15 timu ya serikali ilipima 330 µSv kwa saa sehemu ya Namie iliyo takriban kilomita 20 kutoka kituoni. Kwa hiyo utabiri utumie kuamua magari ya kupima yaende wapi kwanza, hata kama kiasi halisi kilichotoka hakijulikani. Mwelekeo peke yake una thamani.

Panga safari za gari kwenye barabara zote zinazotoka kituoni, kipimo kikisoma mfululizo, kisha rudi kupima kwa miguu pale namba zilipopanda. Kipimo kikiwa ndani ya gari, bodi ya gari huzuia sehemu ya mionzi, hivyo simama, shuka, pima nje, ugawanye namba ya nje kwa ile ya ndani, na utumie uwiano huo kurekebisha. Rudia zoezi hilo kila siku, maana gari lenyewe huchafuka.

Hatua ya pili: kipimo cha mita moja

Hiki ndicho kipimo cha msingi na ndicho kinachoharibiwa zaidi. Chagua uwanja wazi, tambarare, usiochimbwa wala kufagiliwa, mbali na kuta, miti, mitaro na mahali maji ya paa yanapomwagika. Funika kipimo kwa plastiki nyembamba. Kishike mita moja kutoka ardhini, mkono ukiwa umenyooshwa, mwili wako usikae kati ya kipimo na eneo kubwa la uwanja. Subiri. Kipimo cha fuwele kilichowekewa muda wa mwitikio wa sekunde 10 kinahitaji angalau sekunde 30 kutulia. Kisha soma mara tano, ukipisha sekunde 10 au zaidi kati ya somo na somo, na uchukue wastani.

Pima pia sentimita moja juu ya ardhi. Namba ya chini ikiwa kubwa mno kuliko ya mita moja, umesimama juu ya doa dogo la uchafu. Ya chini ikizidi kidogo tu, uchafu umetapakaa eneo zima. Na kama namba ya mita moja ni kubwa lakini ya chini si kubwa kuizidi, wingu lenyewe huenda bado liko juu yako: ingia ndani, funga madirisha, upime tena baadaye.

Kwenye fomu andika tarehe, saa, GPS, aina ya ardhi, hali ya hewa, urefu wa kipimo, aina na namba ya kifaa, tarehe kilipokaguliwa mara ya mwisho, na jina la aliyepima. Namba isiyo na saa na urefu haiwezi kutumika katika hesabu yoyote.

Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA) limeweka viwango vya kuchukua hatua kwa kipimo hiki cha mita moja. Kikifika 1000 µSv kwa saa watu waondolewe au walindwe ndani mara moja. Kikifika 100 katika siku kumi za mwanzo, au 25 baada ya hapo, watu wahamishwe kwa mpango. Kikifika 1 tu, maziwa, mboga na maji ya mvua ya eneo hilo yasitumiwe mpaka yapimwe. Hicho cha mwisho hupuuzwa kwa sababu namba ni ndogo, na ndicho kinachowalinda watoto.

Hatua ya tatu: shingo za watoto, kabla hazijachelewa

Kati ya tarehe 26 na 30 Machi 2011 watoto 1,080 wa Iwaki, Kawamata na Iitate walipimwa thairoidi kwa kipimo cha fuwele cha mkononi. Kiwango cha kumchuja mtoto kwa uchunguzi zaidi kilikuwa 0.2 µSv kwa saa juu ya mionzi ya mahali, na hakuna aliyekifikia. Ni data yenye thamani kubwa, na bado ni ndogo mno kwa mkoa mzima. Laiti zoezi lingefanywa kwa watoto mara kumi zaidi, maswali mengi ya wazazi yangekuwa na jibu.

Utaratibu ni huu. Tafuta chumba ambacho kipimo kinasoma chini ya 0.2 µSv kwa saa, ikiwezekana katikati ya jengo la zege. Mtoto avue nguo ya juu, shingo ifutwe kwa kitambaa chenye maji, na wewe ubadilishe glavu. Weka kichwa cha kipimo, kilichofunikwa plastiki mpya, mbele ya shingo chini ya koromeo, kikigusa ngozi bila kumkaba. Subiri kitulie, soma. Kisha pima paja la mtoto huyo huyo kwa mkao ule ule. Namba ya shingo ukitoa ya paja ndiyo ayodini ya thairoidi. Ukitoa mionzi ya chumba badala ya paja utakosea, kwa sababu mwili wenyewe huzuia sehemu ya mionzi ya chumba, na mtoto anaweza kuonekana hana kitu.

Andika umri, siku aliyofika au kuondoka eneo lenye uchafu, kama alikunywa maziwa ya ng'ombe wa jirani, na kama alipewa vidonge vya ayodini na saa ngapi. Bila maelezo hayo namba ya shingo haigeuki kuwa dozi, kwani aliyevuta hewa siku moja na aliyekunywa maziwa siku kumi wanaweza kusoma sawa na kuwa na dozi tofauti kabisa. Vidonge vyenyewe vitolewe kwa amri ya afya tu. Chumvi yenye madini joto haifanyi kazi hiyo, na kuibugia ni hatari.

Hatua ya nne: udongo, majani, maziwa, maji

Udongo. Weka alama eneo la mita 3 kwa 3, chukua sampuli tano kwa bomba la chuma au plastiki lenye kipenyo cha sentimita 5, ukilizamisha sentimita 5 kwenda chini. Wajapani walitumia kina hicho katika uchunguzi wao mkubwa wa Juni 2011, uliogusa takriban maeneo 2,200, sampuli tano kila eneo. Safisha bomba kila unapohama eneo, la sivyo uchafu wa mahali pabaya utaupeleka mahali pazuri. Funga kwenye mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, lebo ikae kati ya mifuko.

Maabara itakupa Bq kwa kilo, lakini kinachohitajika kukokotoa dozi ya nje ni Bq kwa mita ya mraba. Tuseme sampuli ina uzito wa gramu 120 na maabara imesema 10,000 Bq kwa kilo. Sampuli ina Bq 1,200. Mdomo wa bomba la sentimita 5 una eneo la mita za mraba 0.00196. Gawanya: takriban Bq 612,000, yaani kBq 612 kwa mita ya mraba. Ukichimba sentimita 10 badala ya 5, Bq kwa kilo itashuka karibu nusu ilhali ardhi ni ile ile, kwa hiyo ripoti ya Bq kwa kilo isiyotaja kina irudishwe ilikotoka.

Majani na mboga za majani ndizo za kupimwa kwanza wiki ya mwanzo, kwani vumbi limekaa juu yake. Kata majani sentimita 2 juu ya ardhi katika eneo ulilolipima, usichukue udongo. Maziwa: chukua lita moja kwa kila zizi, na uandike ng'ombe amekula nini. Aliyelishwa nyasi kavu za ghalani na aliyechungwa malishoni ni vitu viwili tofauti hata kama mazizi yamepakana.

Maji ya bomba, kisima na mvua yapimwe kila kimoja peke yake. Kisima kirefu chenye mfuniko huwa salama wiki za mwanzo, tangi la maji ya mvua ndilo la kutilia shaka. Sampuli itakayopimwa ayodini usiitie asidi ya kuihifadhi, kwa sababu ayodini huweza kugeuka gesi ikatoroka kabla haijafika maabara. Tokyo, zaidi ya kilomita 200 kutoka kituoni, maji ya mtambo wa Kanamachi yalifika Bq 210 za ayodini-131 kwa kilo tarehe 22 Machi, juu ya kikomo cha 100 kilichowekwa kwa watoto wachanga, na wazazi wakaambiwa wasiyatumie kukorogea maziwa ya unga.

Vikomo vya chakula vya Japani vya mwaka 2011 vilikuwa Bq 500 za sesiamu kwa kilo ya mboga, nafaka na nyama. Kuanzia Aprili 2012 vikashushwa kuwa 100 kwa chakula kwa jumla, 50 kwa maziwa na chakula cha watoto wachanga, na 10 kwa maji ya kunywa.

Hatua ya tano: watu waliochafuka

Sogeza kihesabu cha Geiger sentimita moja juu ya nguo bila kugusa, polepole, si zaidi ya sentimita 5 kwa sekunde. Anza na nywele, uso, mabega, viganja, magoti, nyayo. Anayekimbiza kipimo ataruka doa. Fukushima ilianza na kikomo cha hesabu 13,000 kwa dakika, na tarehe 14 Machi kikapandishwa kuwa 100,000, kwa kuwa maji ya kuogea yalikosekana, kulikuwa na baridi na foleni zilikuwa ndefu. Kubadilisha kikomo si kosa likielezwa. Kosa ni kuacha kuandika namba za waliokuwa chini ya kikomo kipya, kwa maana zingesaidia sana kukadiria ayodini. Kuvua nguo za nje na viatu huondoa sehemu kubwa ya uchafu hata kabla ya maji, na mgonjwa mahututi asinyimwe matibabu kwa kusubiri kupimwa.

Hatua ya sita: hesabu

Dozi ya nje. Japani ilidhani mtu hukaa nje saa 8 na ndani ya nyumba ya mbao saa 16, nyumba ikipitisha asilimia 40 ya mionzi. Saa 16 mara 0.4 ni 6.4, ongeza 8 unapata 14.4. Kwa hiyo kipimo cha 3.8 µSv kwa saa, mara 14.4, mara siku 365, ni takriban mSv 20 kwa mwaka, kiwango kilichotumika kuamua watu wahame. Na 0.19 ya ziada juu ya 0.04 ya asili, jumla 0.23, hutoa mSv 1 kwa mwaka. Kwa nyumba ya zege tumia 0.1 badala ya 0.4. Mkulima, mvuvi au mama lishe anayeshinda nje saa 12 hesabu yake si 14.4. Uliza watu wanaishi vipi kabla ya kunakili namba za wengine.

Kosa kubwa hapa ni kuzidisha kipimo cha siku za mwanzo kwa siku 365. Ile 44.7 ya Iitate, ukifanya hivyo, inatoa mSv 235, namba isiyo na maana, kwani sehemu kubwa yake ilitoka kwa teluriamu na ayodini zinazokufa ndani ya wiki. Njia sahihi ni kutumia uchafu wa ardhini, kila kitu kivyake. Kwa kila kBq 1,000 kwa mita ya mraba, sesiamu-134 hutoa takriban 5.4 µSv kwa saa, sesiamu-137 takriban 2.1, ayodini-131 takriban 1.3. Fukushima sesiamu mbili zilitoka karibu sawa kwa sawa. Basi ardhi yenye kBq 1,000 ya kila moja husoma 7.5. Baada ya miaka miwili, kwa kuoza peke yake, itasoma karibu 4.8. Baada ya sita, 2.5. Baada ya kumi, 1.9. Mvua na kuzama ardhini hushusha zaidi, hasa mjini kwenye lami. Msituni uchafu hubaki ukizunguka kati ya majani na udongo.

Dozi ya chakula. Zidisha Bq zilizoliwa kwa kizidishi (namba inayogeuza Bq kuwa dozi) cha kitu na umri. Mtoto wa mwaka mmoja anayekunywa lita 0.7 za maziwa yenye Bq 300 za ayodini-131 kwa lita humeza Bq 210 kwa siku. Kizidishi cha thairoidi yake ni µSv 3.6 kwa kila Bq, hivyo thairoidi hupata takriban µSv 756, kwa siku moja tu. Akiendelea na maziwa ya zizi hilo huku ayodini ikipungua kwa kuoza tu, jumla hukaribia mSv 9. Mtu mzima kizidishi chake ni 0.43, mara nane chini. Sesiamu si kali hivyo: mtu mzima anayekula gramu 200 za mchele kwa siku wenye Bq 100 kwa kilo hupata takriban mSv 0.12 kwa mwaka mzima. Ukiona hesabu hizo mbili pamoja utaelewa kwa nini siku za mwanzo maziwa yapimwe kabla ya mchele.

Dozi ya hewa ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu wingu halirudi. Kama hukuwa na chujio la hewa lililokuwa likifanya kazi saa zile, itabidi uikadirie kwa utabiri wa wingu na vipimo vya shingo. Chujio la karatasi hushika vumbi, si gesi ya ayodini. Weka na kichujio cha mkaa nyuma yake, la sivyo utapata sehemu tu ya ukweli.

Toa kila matokeo na upana wake. Hesabu 100 zina shaka ya asilimia 10, hesabu 400 asilimia 5, kwa hiyo kipimo dhaifu kipewe muda mrefu zaidi. Tena shaka ya takwimu ni ndogo ukilinganisha na shaka ya saa ngapi mtu alikuwa nje.

Miezi na miaka inayofuata

Wape wakazi dozimita za kuvaa kifuani, wakiandika walikokuwa kila siku. Fukushima vipimo vya watu binafsi kwa kawaida vilitoka chini ya ile hesabu ya 14.4, kwa sababu mwili hujikinga na nyumba nyingi hukinga kuliko ilivyodhaniwa. Dozimita iliyoachwa juu ya kabati haimpimi mwenye nayo, na hutokea mara nyingi, kwa hiyo maandishi ya kila siku yalinganishwe na mchoro wa dozi uliorekodiwa na kifaa.

Tafuta madoa: chini ya mabomba ya paa, mitaroni, kwenye majani makavu kando ya uzio, mahali watoto wanapochezea. Pima sentimita 1, sentimita 50 kwa ajili ya watoto wadogo, na mita 1. Endelea kupima uyoga, samaki wa maziwa ya maji baridi na nyama ya porini hata pale mboga za shambani zimekuwa safi, kwani sesiamu hukaa humo miaka mingi.

Na uamuzi wa kuhamisha watu upimwe kwa mizani ya pande zote mbili. Katika kuhamishwa kwa haraka kwa hospitali na nyumba za wazee karibu na Fukushima Daiichi, makumi ya wagonjwa walifariki njiani au muda mfupi baadaye, kwa kukosa huduma, na si kwa mionzi. Kwenye fomu ya tathmini ya kila jengo la wagonjwa kuwe na safu mbili: dozi watakayoipata wakibaki ndani kwa saa 48 madirisha yakiwa yamefungwa, na idadi ya wasioweza kusafiri bila oksijeni, dripu au muuguzi. Safu zote mbili zijazwe kabla gari halijawashwa.